Koma Baada ya “Hujambo”

Muhula uliopita nilimpelekea msimamizi wangu baruapepe iliyobeba sura ya pili ya tasnifu yangu. Niliianza hivi: “Hujambo Profesa,” kisha nikateremka mstari mmoja na kuendelea: “Nimeambatisha sura ya pili. Naomba maoni yako.” Ilikuwa saa nne za usiku, nyumbani Munyaka. Umeme ulikuwa umerejea punde tu baada ya kukatika tangu alasiri, na haja yangu kuu ilikuwa kuituma sura hiyo kabla giza halijaturudia. Jibu lilifika asubuhi. Lilikuwa na maneno saba: “Sijambo. Na hiyo koma ni ya nini?”

Sura ya pili haikutajwa. Nilidhani ni mzaha wa mwalimu na mwanafunzi wake, nikasubiri. Siku ya nne uvumilivu ulinishinda, nikamwandikia tena: “Habari za asubuhi Profesa,” nikamkumbusha kwa adabu zote nilizokuwa nazo kwamba tarehe ya kuwasilisha inakaribia. Alijibu usiku. “Huku ni usiku. Koma bado naiona.”

Nakiri kwamba nilikasirika. Mtu ana kurasa arubaini zinazongoja kusomwa, ana karo ya muhula mwingine inayomkodolea macho iwapo atachelewa, naye mwalimu wake anashughulika na kialama kisichofika hata ukubwa wa chembe ya mtama! Lakini hasira ya mwanafunzi ina kikomo, hasa pale mwanafunzi mwenyewe anapojua kwamba ameshikwa pabaya. Tasnifu yangu inahusu mazungumzo ya wahusika katika riwaya ya Kiswahili. Nimetumia miezi mingi nikichunguza namna waandishi wanavyoyaakifisha maneno ya wahusika wao: wapi wanaweka kiulizi, wapi alama ya hisi, wapi wanamtenga anayeitwa na maneno anayoambiwa kwa koma. Katika riwaya nilizozichambua, mhusika akimwambia mwenziwe “Hujambo?”, mwandishi huweka kiulizi. Mimi ninayewahesabia wengine viulizi, nilipofika kwenye barua yangu mwenyewe nilitia koma na kupita. Nikaanza kuzipekua baruapepe za wenzangu katika chama chetu, pamoja na zile tunazoandikiwa na walimu. Karibu zote zilikuwa na koma: “Hujambo Daktari,” “Habari yako,” “Hamjambo wote,” “Shikamoo Mwalimu,” “U hali gani Bwana Mwenyekiti,”. Koma kila mahali, kama chumvi mkononi mwa mpishi asiyeonja.

Tuanze na lile tunalolijua sote tangu darasa la kwanza. “Hujambo” ni swali. Hu- ni kiambishi cha ukanushi cha nafsi ya pili umoja, na jambo ni jambo: tukio, shida, neno zito. Anayeuliza “Hujambo?” anataka kujua iwapo mwenziwe hana jambo lililompata, naye hujibiwa “Sijambo”, yaani sina. Ndiyo maana lile “Jambo!” tupu wanalofundishwa watalii hotelini linatukera wengi wetu bila ya sisi kueleza kwa nini. Limenyofolewa kikanushi na kiulizi kwa pamoja, na anayeambiwa hana la kujibu ila kulirudisha lilivyo, kama mwangwi wa pangoni. “Habari za nyumbani?” ni swali. “U hali gani?” ni swali lisilo na ubishi wowote.

“Shikamoo” si swali. Asili yake, kama inavyoelezwa na wengi, ni “nashika moo”, yaani nashika miguu yako. Ni tamko, tena ni kitendo kinachotendeka kwa kule kusemwa kwake, na “Marahaba” ni kukipokea kitendo hicho wala si kutoa habari. “Assalamu alaikum” ni dua. “Salamu zikufikie popote ulipo”, kauli waliyoizoea wazazi wetu walipokuwa wakituma kadi za salamu kwenye redio ya KBC, ni matakwa. Kitenzi chake kinatuonyesha hivyo kwa kiishio chake. Na “Mheshimiwa Waziri” si salamu hata kidogo. Ni wito: unamwita mtu ageuke akusikilize, na bado hujamwambia lolote.

Hapo ndipo ulipo msimamo wangu katika makala haya. Salamu za Kiswahili hazifanyi kazi moja, kwa hiyo haziwezi kuvaa alama moja. Swali lipewe kiulizi. Tamko na dua zipewe nukta, au alama ya hisi kwa aliye na furaha ya kweli. Wito ndio unaostahili koma, kwa kuwa wito unangoja maneno yanayofuata. Na pale salamu na wito vinapoandamana, koma ikae baina yao kama inavyokaa katika mazungumzo ya riwaya: “Shikamoo, Mwalimu.” “Hujambo, Profesa?” Haya si mageni. Tunayatii tunapomwandikia mhusika wa kubuni, halafu tunamnyima binadamu aliye hai.

Koma hii tumeitoa wapi, basi? Waama, tumeitoa kwenye barua ya Kiingereza. Lakini hebu tuitazame vyema barua hiyo. Mwingereza anapoandika neno lake lenye maana ya “mpendwa”, akalifuatisha na “bwana” au jina la mtu, hajasalimu. Ameita. Barua yake rasmi haina salamu ndani yake, ina wito tu, na koma inaukaa wito huo sawasawa. Sisi tulilichukua umbo la barua ile, tukautoa wito, tukatia swali mahali pake, kisha tukaiacha koma pale pale ilipokuwa, kama mtu anayehamia nyumba na kutundika nguo zake kwenye misumari ya mpangaji aliyetoka. Isitoshe, hata kwa wenye barua yao alama hiyo si sheria iliyoshuka mbinguni. Wamarekani huweka nukta pacha katika barua zao rasmi. Wajerumani waliweka alama ya hisi kwa miaka mingi kabla ya kuhamia kwenye koma. Kila watu wameitazama lugha yao na mazoea yao wakaamua. Sisi hatukuamua. Tulinakili.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba hatukuwa watu wa kufundishwa barua. Huku kwetu ni rahisi kudhani kwamba barua ililetwa na posta, maadamu Eldoret yenyewe ilichipuka kutoka kwenye posta: mnamo 1910 ofisi ya posta ilifunguliwa katika shamba namba 64, na hadi leo, mji ukiwa umepewa hadhi ya jiji mwaka 2024, wazee bado wanauita Sitini na Nne. Lakini barua za Waswahili zina umri mkubwa kuliko posta zote za bara. Miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi yanayojulikana ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, ambazo zimehifadhiwa katika nyaraka za Goa, India. Mwaka 1892 Mjerumani C. G. Büttner alichapisha mkusanyiko wa maandishi ya Kiswahili ya hati hizo, barua zikiwamo. Barua ya pwani ya zama hizo ilikuwa na mwendo wake. Ilianza kwa kumtaja anayeandikiwa na heshima zake, “ila jenabi” fulani, ikampamba kwa sifa zinazolingana na daraja lake, ikamwombea, ndipo ikafika kwenye “ama baada” au “baada ya salamu” na kuingia katika habari yenyewe. Wala waandishi hao hawakuwa na koma wala kiulizi. Hati walizoandikia hazikuwa na mazoea ya alama tulizo nazo leo. Maneno yenyewe ndiyo yaliyoakifisha. “Ama baada” ilikuwa nukta, aya mpya na kikohozi cha mzungumzaji, vyote kwa pamoja.

Naomba msomaji anivumilie nikae kidogo juu ya “baada ya salamu”, kwa sababu nimeisoma kauli hii tangu utotoni bila kuitafakari. Inasema nini hasa? Inasema kwamba salamu zimekwisha kupita. Anayeandika hasalimu katika mstari ule. Anamjulisha mwenziwe kwamba salamu zimetangulia, zichukuliwe kuwa zimetolewa na kupokewa, sasa tuzungumze. Kuna hekima kubwa hapa. Salamu ya Kiswahili ni kubadilishana. Mmoja anauliza, mwingine anajibu na kuuliza, wa kwanza anajibu, watoto wanaulizwa, mvua inaulizwa, ng’ombe anaulizwa, ndipo haja inapotajwa. Barua haiwezi kungoja jibu. Ukiandika “Hujambo?” kwenye karatasi umeuliza swali ambalo jibu lake litafika baada ya siku nyingi, wakati wewe mwenyewe umekwisha kuendelea mbele kana kwamba umejibiwa. Wahenga waliosema kwamba waraka ni nusu ya kuonana walikuwa waangalifu wa hesabu. Nusu inayokosekana ni hiyo sauti ya pili. “Baada ya salamu” inalikwepa tatizo hilo kwa ustadi.

Vivyo hivyo na zile barua za kirafiki tulizozicheka tulipofika sekondari na kujiona wajuzi: “Natumaini hujambo.” “Mimi ni mzima wa afya njema, wasiwasi ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu.” “Lengo na madhumuni ya kukuandikia waraka huu…” Tulifundishwa kwamba haya ni maneno yaliyochakaa, na ni kweli kwamba yamechakaa. Lakini tazama sarufi yake. “Natumaini hujambo” imelichukua swali ikaligeuza kuwa kauli. Haihitaji kiulizi, inahitaji nukta, nayo haimwachi msomaji na deni la kujibu. “Mimi ni mzima” inatoa jibu la swali ambalo mwandikiwa angeliuliza lau angekuwapo. Mwandishi anazisema sauti zote mbili, yake na ya mwenziwe, ili kuonana kukamilike. Kijana wa darasa la sita aliyeyanakili maneno hayo kutoka kwa kaka yake alikuwa akitenda jambo ambalo mimi, mwanafunzi wa uzamili, nilishindwa kulitenda katika baruapepe ya mistari miwili. Tuna barua za Shaaban Robert za 1931 hadi 1958, zile zilizotolewa na nduguye Yusuf Ulenge na kuchapishwa na TUKI mwaka 2002. Aghalabu tunazikimbilia kutafuta wasifu wa mwandishi. Ningefurahi kumwona mwanachama mmoja wetu akizisoma kwa ajili ya mistari yake ya kwanza pekee.

Nirudi Munyaka, maana huko ndiko nilikoyaona haya kwa macho zaidi kuliko maktabani. Mtaa wetu uko kando ya barabara ya kwenda Iten, na jina lake ni neno la Kikuyu lenye maana ya bahati. Majirani wanajua kwamba ninasoma Kiswahili chuoni, na kwa hesabu zao mtu anayesoma Kiswahili hadi uzamili bila shaka anajua kuandika barua. Basi huniletea. Nimewaandikia maombi ya kazi za ulinzi, barua za kuomba ruhusa, malalamiko kuhusu maji, na barua moja ya posa ambayo sitaieleza hapa.

Miezi michache iliyopita alinijia mama mmoja mzee anayeuza sukuma wiki na managu kando ya barabara. Mjukuu wake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, naye alitaka kuomba basari katika ofisi moja mjini. Niliandika kama nilivyofunzwa: anwani mbili, tarehe, “Kwa Bwana/Bibi,” kisha kichwa chenye mstari chini yake, “KUH: OMBI LA BASARI”. Akaniambia, “Soma.” Nikasoma.

“Huyo unayemwandikia ni mwanamume au mwanamke?”

“Sijui, shosho.”

“Mimi namjua. Ni mama wa watu, tulikuwa tukikutana naye sokoni. Sasa huyo bwana ametoka wapi?”

Nilimweleza kwamba ndivyo barua rasmi inavyoandikwa. Akanyamaza kidogo, akauliza tena, “Na salamu ziko wapi?” Nikamjibu kwamba barua rasmi haina salamu. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeingia nyumbani mwa wenyewe bila hodi. “Unamwomba mtu pesa na humsalimu? Mjukuu wangu, hiyo si ya kuomba. Hiyo ni barua ya kudai deni.”

Niliichana, nikaandika nyingine. “Bi. Afisa wa Basari, Baada ya salamu, mimi ni nyanya wa mwanafunzi…” Kichwa cha barua nilikibakisha, kwa sababu ofisi ina mafaili yake na afisa hana wakati wa kutafuta haja ya mtu katikati ya maneno. Basari ilitoka, nusu ya kiasi alichoomba. Sidai hata kidogo kwamba ilitoka kwa sababu ya salamu. Ninachosema ni kwamba mama yule, ambaye hakupita darasa la nne, alijua kitu kuhusu barua ya Kiswahili ambacho Karatasi ya 102/1 haikuwahi kuniuliza katika KCSE.

Tena mtaani kwetu watu wana sababu ya kujua. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi hivi mapema mwaka 2008. Watu waliporejea majumbani mwao, jambo la kwanza lililotazamwa ua kwa ua halikuwa nani amejenga wala nani ameleta ng’ombe, bali ni nani amemsalimu nani. Mmoja angesema “Chamgei” na mwingine “Wĩ mwega” kwa watu wa kwao, lakini baina ya ua na ua salamu iliyorudi kwanza ilikuwa ya Kiswahili, “Habari ya huko?”, tena ilitoka kwa sauti ya chini, na ilingoja sana kabla ya kujibiwa. Mimi niliiona ikingoja. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kiulizi baada ya salamu ni urembo wa wanaisimu, sina budi kumkatalia.

Kuhusu majina ya kumwitia mwandikiwa nitasema machache, ingawa yana vurugu la kutosha kuandikiwa makala yake. “Bwana/Bibi” na mkwaju wake katikati ni lugha ya fomu, si lugha ya barua. Inamwambia msomaji akate lisilomhusu. Neno “Bibi” lenyewe lina balaa lake, kwani huku bara wengi hulielewa kuwa mke, Tanzania ni nyanya, na mwalimu wa kike anayeitwa hivyo ana haki ya kujiuliza ameozwa au amezeeka. “Bi.” yenye nukta yake inatosha. “Mpenzi” ilikuwa neno la heshima katika barua za wazee wetu, “Mpenzi Mama”, na bado inaishi salama katika “mpenzi msomaji”, lakini asiyetaka matata asimwandikie msimamizi wake “Mpenzi Profesa”. “Mpendwa” imeletwa kuziba pengo hilo. Sina ugomvi nayo kwa ndugu na marafiki. Lakini “Mpendwa Meneja” kwa mtu usiyemjua, ambaye unakusudia kumlalamikia katika aya ya pili, ni unafiki ambao Kiswahili hakikutulazimisha kuufanya. Watanzania walijipatia “Ndugu”, neno lililoenea katika maisha ya umma enzi za TANU na Ujamaa, nalo lina uzuri wa kutouliza jinsia wala ndoa. (Ila ile kauli ya ofisi zao, “husika na kichwa cha habari hapo juu”, mimi hunichekesha kila ninapoikuta. Kichwa kimeandikwa kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari; nisipohusika nacho nitahusika na nini?) Kwa walimu wetu, “Mwalimu” halina mpinzani. Linamfaa wa shule ya msingi na linamfaa profesa, na profesa anayelichukia ana maswali ya kujiuliza.

Na “Shikamoo”? Wapo wenzetu wa bara wanaoikataa kwa hoja kwamba ni salamu ya mtumwa kwa bwana. Wapo pia wanaoikataa kwa kuwa hawakulelewa nayo, na hii naiona kuwa sababu ya kweli zaidi. Mimi pia sikulelewa nayo. Niliipata shuleni na nikaizoea. Maana ya neno leo haitawaliwi na asili yake, la sivyo tusingesema nusu ya maneno tunayoyasema. Mtu asiyetaka kuitumia asiitumie, bora asidhani kwamba “Hujambo” kwa mtu wa rika la babake ni mbadala ulio sawa nayo. Si tusi, lakini si sawa.

Zimebaki salamu za saa, zile zilizonitia aibu ya pili. “Habari za asubuhi” ni salamu ya watu wanaoliona jua lile lile. Barua ina saa mbili, ya kuandikwa na ya kusomwa, na mwandishi anaijua moja tu. Barua ya zamani ilikaa njiani wiki nzima, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuuliza habari za asubuhi. Baruapepe na jumbe za simu ndizo zilizotudanganya. Kwa kuwa zinafika kwa kufumba na kufumbua, tukadhani pia zinasomwa papo hapo. Yule anayeandikiana na mtu kwenye simu zamu kwa zamu, kila mmoja akiona mwenziwe anaandika, huyo yuko katika mazungumzo, na amwulize habari za asubuhi akipenda. Atajibiwa. Lakini kilichoambatishiwa sura ya pili ni barua.

Najua nitakayojibiwa. Mwenzangu mmoja aliniambia nilipomsomea rasimu ya makala haya kwamba koma imekwisha kuzoeleka, na lugha ni mazoea. Mgala muue na haki umpe: ni kweli lugha ni mazoea, na iwapo baada ya miaka hamsini Waswahili wote watakuwa wakiandika “Hujambo,” bila wasiwasi, mjukuu wangu na ailinde koma hiyo. Lakini mazoea haya bado ni machanga. Tunayaona yakizaliwa katika baruapepe zetu wenyewe, sisi ambao kesho tutaingia madarasani na kuyafunza. Tangu Katiba ya 2010 Kiswahili ni lugha rasmi nchini pamoja na Kiingereza, si lugha ya taifa pekee, na wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali mwaka 2021 kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Barua zitaandikwa. Mtu atakaa mbele ya tarakilishi katika wizara fulani, atafute namna ya kumwanzia mwenziwe wa Dodoma au Kampala, na atakachokikuta ni ama mazoea tuliyoyafikiria au yale tuliyoyanakili.

Mwingine alisema kwamba baruapepe ni chombo cha haraka, salamu zitupiliwe mbali, mtu aingie moja kwa moja kwenye haja. Huyu naye sikumwelewa, maana ujumbe alionitumia kuniambia hivyo aliuanza kwa “Niaje msee,”. Na koma.

Usiku wa siku ya nane nilimwandikia msimamizi wangu kwa mara ya tatu. Sikuwa na haraka, umeme ulikuwepo. Nilifuta mstari wa kwanza mara nyingi kuliko nilivyowahi kuufuta mstari wowote wa tasnifu. Hatimaye niliandika: “Shikamoo, Mwalimu. Baada ya salamu, naomba kukukumbusha kuhusu sura ya pili.”

Jibu lilikuja kabla sijafunga tarakilishi. “Marahaba. Sura niliisoma tangu siku ile ya kwanza. Katika ukurasa wa 31 umenukuu ‘Hujambo’ mara nne bila kiulizi, ilhali mwandishi amekiweka. Rekebisha, kisha uje Jumatano saa tano.”